Kushika Ufagio Bila Kosa

Kwanza niseme wazi, wageni wasije wakanielewa vibaya: nchi yetu ni safi. Uchafu uliopo juu yake ni jambo jingine, na Serikali inalishughulikia. Ukiondoa mifuko ya plastiki, chupa, maganda, nepi, matairi, na yule punda aliyefia mbele ya Benki ya Taifa sikukuu ya mwaka juzi, utaona kwamba chini yake kuna nchi nzuri sana.

Nasema haya kwa mamlaka. Naitwa Kilindo, mshereheshaji wa Wilaya. Hakuna jiwe la msingi lililowekwa, utepe uliokatwa wala choo kilichozinduliwa katika wilaya yetu bila sauti yangu kwenye kipaza sauti. Nina suti mbili, ya kijivu kwa uzinduzi na nyeusi kwa maombolezo, na tangu nizaliwe sijashika ufagio. Darasani nilikuwa nashika namba moja kila muhula, kwa hiyo haikutokea nafasi.

Kwa wasiojua desturi zetu, nieleze. Kwetu kufagia ni adhabu. Tunafundishwa hivyo tangu darasa la kwanza: aliyechelewa hufagia uwanja, aliyeshindwa hesabu za kugawanya huosha choo, aliyemjibu kiranja huokota karatasi akiwa amepiga magoti. Mwanafunzi bora husamehewa yote hayo, akakaa kivulini na kuandika majina ya wenzake. Ukubwani ni vilevile. Hakimu akimwonea mtu huruma humpa miezi sita ya kufagia barabara badala ya jela. Ndiyo maana ukipita mahali ukamkuta mtu anafagia, adabu inataka usimame, ushushe sauti, umwambie, "Pole, ndugu yangu. Umekosa nini?"

Utaratibu huu una faida ambayo wataalamu wa kigeni hawajaiona. Barabara ikiwa chafu, tunajua wahalifu wamepungua. Kwa kipimo hicho, mji wetu mkuu una watu waadilifu kuliko mji wowote duniani, na mtaa wa Bunge ndio umetia fora.

*

Kinachotuudhi ni Ng'ambo.

Ng'ambo ni nchi jirani, mwisho wa daraja. Wanasema lugha yetu, wanakula muhogo wetu, wananyeshewa na mvua yetu, na nusu yao ni wakwe zetu. Lakini kwao pasafi. Si pasafi pa kusafishiwa mgeni, ni pasafi tu, siku za kawaida, hata nyuma ya soko ambako hakuna anayeangalia. Jambo hili limeinyima Serikali yetu usingizi miaka mingi.

La kushangaza zaidi ni kwamba watu wetu wakivuka daraja huugua ugonjwa uleule. Nimemwona kwa macho yangu shemeji yangu Mkude, mtu ambaye huku hutema popote anapojisikia, akizunguka Ng'ambo siku mbili nzima na makapi ya muwa mfukoni. Alivumilia. Tuliporudi, hatua ya kwanza ndani ya nchi yetu, aliyamwaga yote chini na kushusha pumzi. "Afadhali nyumbani," alisema.

Serikali ikaunda Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Ng'ambo Ni Safi, wajumbe kumi na tisa, miezi minne, hoteli yenye bwawa. Ripoti ilitoka na kurasa mia sita na kumi na nne. Tume ilichunguza kwanza kama ni upepo unaozihamisha taka zao kuja kwetu, kisha kama ni damu, kisha dini, kisha urefu wa watu. Yote yakashindikana. Ndipo wajumbe wakaingia katika shule moja na kumkuta mwalimu mkuu anapiga deki. Mwenyekiti wa Tume alimsogelea kwa huruma akamwuliza amekosa nini.

"Nimemwaga chai," akajibu mwalimu mkuu.

Tume iliandika kwamba mwalimu mkuu amekiri. Ilipokuta shule nzima inafagia, iliandika kwamba uhalifu wa watoto Ng'ambo umefikia hatua ya kutisha. Ilipomkuta Meya wao anaokota karatasi njiani akielekea kazini, wajumbe walimpa mkono wa pole mmoja mmoja. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho ulikuwa na pendekezo. Kwa kuwa viongozi wa Ng'ambo hufagia na Ng'ambo ni safi, kiongozi mmoja wa kwetu afagie, mara moja, mbele ya televisheni, kisha hali ipimwe.

Kura ilimwangukia Mheshimiwa Dokta Lukelo Mpangala, Waziri wa Usafi, Haiba na Mapambo ya Taifa.

*

Mtaa uliochaguliwa ulikuwa wetu, Mtaa wa Kalavati. Unaitwa hivyo kwa sababu mtaro wa maji ya mvua unapita katikati yake na kuingia chini ya barabara kuu kwenye kalavati, hatua thelathini tu kutoka kisima tunachochota sote. Miaka minne iliyopita kalavati hilo liliziba. Maji ya mtaro yakageuka, yakaingia kisimani, na kipindupindu kikaua watu tisa kwa wiki moja. Mmoja wao alikuwa Mwanahawa, binti pekee wa Bi. Zuwena.

Bi. Zuwena ni dobi wa mtaa, mama wa makamo, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Ndiye anayeninyooshea suti zangu kwa pasi ya mkaa. Tangu alipomzika Mwanahawa, kila asubuhi kabla hajawasha mkaa huingia mtaroni na ufagio na sepeto, akausafisha kuanzia juu mpaka mdomo wa kalavati. Hakuna aliyemtuma wala anayemlipa.

Mtaa mzima tulimhurumia. Tulijua anatumikia kifungo cha nje, ila kosa hatukulijua. Wengine walisema alimtilia marehemu mumewe kitu kwenye uji. Mimi, kwa kuangalia jinsi alivyofagia vizuri, nilikadiria mauaji ya watu wawili. Nilimwuliza mara moja tu, akanijibu, "Nafagia tu, mwanangu." Nikaona jambo lenyewe ni zito, nikaliacha.

Siku ya tukio palitokea fedheha: mtaa haukuwa na taka. Mgeni rasmi alikuwa njiani na hapakuwa na kitu cha kumpa afagie. Maofisa wa Wilaya walikimbizana huku na huku, mwishowe wakaleta magunia mawili ya majani makavu kutoka nyumbani kwa Mkuu wa Wilaya na kuyamwaga kwa ustadi mbele ya jukwaa. Bi. Zuwena alitoka na kapu lake la nguo, akayaona, akaanza kuyazoa. Alisihiwa kwa heshima aache, na alipokawia alibebwa.

Nikazingatia itifaki kwa dakika arobaini. Kisha Mheshimiwa akasimama.

"Ndugu wananchi! Uchafu ni adui. Na adui hachekewi! Tumemchekea miaka sitini, leo tunamtazama usoni!" Makofi. "Wenzetu wa Ng'ambo wanainama. Je, sisi hatuna viuno?" Makofi zaidi. "Mimi, pamoja na mzigo wote wa taifa ulio mgongoni mwangu, leo nimeamua kuinama!"

Akainama. Alifagia mara tatu. Ya kwanza wapiga picha hawakuwa tayari, ya pili kofia ilimfunika uso, ya tatu jani lenyewe lilipeperuka kabla halijaguswa. Kisha alimpa mlinzi ufagio, akanawa kwa maji ya chupa, chupa ikatupwa mtaroni, msafara ukaondoka. Bi. Zuwena aliingia mtaroni kuitoa kabla vumbi la magari halijatulia.

*

Jioni taarifa ya habari ilimwonyesha. Kwa bahati mbaya sauti ya televisheni ya taifa ilikatika, kama inavyokatika kila panapokuwa na jambo la kusikia, kwa hiyo hotuba haikutoka. Wananchi waliona picha tu: Waziri ameinama, ufagio mkononi, askari wawili wamesimama kandokando yake.

Nchi ililipuka kwa furaha.

"Hatimaye!" watu walikumbatiana vituoni. "Amepatikana!" Sokoni vigelegele havikukatika mpaka usiku. Niliwasikia kwa masikio yangu wauza nyanya wawili.

"Ni lile la madawati au lile la vyandarua?"

"La madawati, shoga. La vyandarua ni la yule mwingine, mwenye kipara."

"Amepewa miezi mingapi?"

"Nasikia sita."

"Sita! Ile zahanati isiyo na bati peke yake ni mwaka mzima!"

Asubuhi mawaziri wenzake watatu, akiwemo mwenye kipara, waliondoka ghafla kwenda kutibiwa nje magonjwa ambayo hayakutajwa. Mama mkwe wa Mheshimiwa alikuja na teksi kumchukua binti yake, akisema hakumwozesha kwa mfungwa. Chama cha upinzani kilitoa tamko kwamba ushahidi ulitoka kwao.

Mheshimiwa akaitisha waandishi wa habari, jasho likimtoka. "Sikuhukumiwa!" alisema. "Sijafanya kosa lolote! Nilifagia kwa hiari yangu!"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mwizi tunamwelewa, kila ukoo una wake. Lakini mtu mzima, msomi, mwenye gari lenye bendera, anafagia kwa hiari? Wazee wa ukoo wake walifika mjini kwa basi la kwanza wakiwa na mganga.

Serikali haikukaa kimya. Ndani ya siku tatu Gazeti la Serikali lilichapisha Kanuni za Matumizi ya Ufagio Mahali pa Umma. Mheshimiwa alipewa cheti maalumu kinachothibitisha kwamba siku ile hakufagia, alikuwa anaukagua ufagio. Na ili kuondoa utata siku zijazo, ikaamriwa kwamba yeyote atakayeonekana hadharani na ufagio awe na Hati ya Kosa iliyosainiwa na hakimu. Asiye na Hati atahesabiwa kuwa anawachanganya wananchi. Niliisoma Kanuni yote kwenye kipaza sauti, sokoni, nikiwa na suti ya kijivu. Ilisomeka vizuri sana.

*

Jumatatu asubuhi Koplo Ndimbo wa kituo chetu alimkuta Bi. Zuwena mtaroni, tope magotini. Nilikuwa dirishani napiga mswaki, nikasikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pita upande ule, huku kunateleza."

"Mama, naomba Hati."

"Hati ya nini?"

"Ya kosa lako."

"Sina kosa."

Koplo alishtuka. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Sasa unafagia nini?"

"Mtaro, baba. Kwani wewe unaona nini?"

Koplo Ndimbo si mtu mbaya. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akachuchumaa ukingoni. "Mama, usinitie matatani. Fikiri vizuri. Hata kuku? Hukuwahi kuiba hata kuku?"

"Kuku wa nini, baba, na mwezi ujao mvua inaanza? Hili kalavati likiziba, maji yanakwenda wapi? Yanakwenda kisimani. Nani anakunywa kisimani? Hata wewe unakunywa!"

"Naelewa, mama. Lakini bila kosa siwezi kukusaidia." Akamkamata, akamsaidia kupanda, akambebea sepeto.

*

Shtaka lilikuwa moja: kushika ufagio hadharani bila kosa. Koplo Ndimbo aliendesha mashtaka mwenyewe, mbele ya Hakimu Mwakifuna, na upande wa Serikali ulikuwa na shahidi mmoja tu wa kuthibitisha kwamba mshtakiwa ni mtu mwema. Shahidi huyo alikuwa mimi.

"Unamfahamu mshtakiwa?" Koplo aliniuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni dobi wangu."

"Aliwahi kukuibia?"

"Hata siku moja. Vifungo vinavyoanguka hunirudishia."

"Aliwahi kukuunguzia nguo? Kukutukana? Kusengenya?"

"Kamwe. Nilipougua malaria aliniletea uji wiki nzima."

Mahakama ilinong'ona. Sijisifu, lakini nina sauti ya kuaminika, na kila nilichosema kilizidi kummaliza. Niliposhuka kizimbani Koplo alinipa mkono. Bi. Zuwena alinitazama tu.

Hakimu Mwakifuna, mtu wa huruma, alijaribu kumwokoa. "Mama, sheria haina roho mbaya. Nitajie kosa moja, dogo tu, nikupe miezi sita ya kufagia mtaro uleule, na Hati yako mkononi, na koti la njano juu. Kuuza bila leseni lipo. Kuvuka barabara vibaya lipo. Chagua."

Bi. Zuwena alishika ukingo wa kizimba.

"Kosa ninalo, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Koplo aliachia tabasamu. Hakimu akachukua kalamu.

"Mwaka ule wa kipindupindu," alisema, "kabla mvua hazijaanza, nilipita kwenye kalavati nimebeba nguo za watu. Nikaona godoro bovu limekwama mdomoni. Nikasema moyoni, hilo ni la Halmashauri. Kesho yake nikapita, nikaliona tena. Nikasema, wenyewe watakuja. Siku sita, Mheshimiwa, nimepita nikaliona. Ya saba ikanyesha. Mwanangu alikunywa maji asubuhi, alasiri hawezi kusimama, Alhamisi tukamzika. Hilo ndilo kosa langu. Niandikie."

Hakimu alifungua kitabu cha sheria, akatafuta kwenye K, akatafuta kwenye M, akavua miwani akaifuta kwa tai yake.

"Kuona na kupita," alisema polepole. "Halimo, mama. Na lingekuwamo, mimi nisingekuwa nimekaa kwenye kiti hiki. Napita pale kila siku nikienda nyumbani."

Mkutano ule ulihitaji mshereheshaji, aseme neno, lakini nilibaki nafunga na kufungua kifungo cha suti.

Hukumu ilikuwa fupi. Mshtakiwa hana kosa, kwa hiyo yuko huru. Na kwa kuwa yuko huru, anapigwa marufuku kushika ufagio, sepeto, reki, au chombo chochote chenye mwelekeo wa usafi. Tulipiga makofi. Tukamzunguka nje tukimpongeza, "Hongera, Bi. Zuwena! Umeshinda kesi!" Alikuwa analia, nasi tukasema ni furaha.

*

Koplo Ndimbo aliwekwa kwenye mtaro kuulinda usisafishwe. Watu wa mtaa walipoona mtaro una askari, waliuamini kuliko zamani, wakaanza kuuletea vitu. Kwa wiki tatu ulipokea turubai la lori, matairi, magunzi, sofa la watu watatu na mabaki ya harusi mbili. Mimi mwenyewe nilitupa boksi la kipaza sauti changu kipya. Nilikuwa na haraka.

Bi. Zuwena alikuja kila asubuhi, mikono amefunga kifuani, akasimama ukingoni akimwomba kila anayepita. Siku moja alinishika mkono.

"Kilindo, mwanangu. Mimi nimekatazwa, wewe hujakatazwa. Liondoe lile turubai pale mdomoni. Dakika moja tu."

Nilitazama dukani. Watu wanne walikuwa wanatuangalia. Nikafikiria jina langu, nikafikiria na suruali.

"Nimelipokea, Bi. Zuwena," nikamwambia. "Nitalifikisha panapohusika."

Nami si mtu wa maneno matupu. Nililifikisha siku ileile, kwa barua yenye kumbukumbu namba, nakala kwa Diwani.

Mvua ilishuka Jumanne, saa nane mchana, bila hata ngurumo ya kutuonya. Ndani ya nusu saa mtaro ulijaa, turubai likavimba mdomoni mwa kalavati, maji yakasimama, yakageuka. Mtaa mzima tulikuwa kwenye baraza zetu, pande zote mbili, tukitazama. Tulizungumza sana. Mwenye duka alisema hii ni kazi ya Halmashauri. Kinyozi aliuliza nani ana simu ya Diwani. Mtu mmoja alirekodi. Mimi nilieleza kwamba suala hili lina barua. Maji yalipofika hatua kumi kutoka kisimani, wote tulikubaliana kwamba hali ni mbaya.

Bi. Zuwena alitoka nyumbani kwake, kanga kaifunga kiunoni. Koplo Ndimbo, aliyelowa mpaka mifupa, alimnyooshea mkono.

"Mama, umekatazwa chombo chochote."

"Sina chombo, baba," akamwonyesha viganja vyake.

Akaingia. Maji yalimfika kifuani. Alilivuta turubai kwa mikono mitupu, likamshinda, akalivuta tena. Tairi lilimgonga begani. Boksi langu lilipita mbele yake, jina langu limeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu. Mara moja aliteleza akazama kabisa, na mtaa mzima tukasema "Mama wee!" kwa sauti moja. Koplo alipiga hatua kwenda mtaroni, akakumbuka lindo lake, akarudi. Hakuna mwingine aliyepiga hata hiyo hatua. Naliandika hili nikiona aibu, na sitalipamba.

Kisha turubai likachomoka. Kalavati likakohoa, likameza, maji yakaanza kushuka. Yalikuwa yamebakiza hatua mbili kufika kisimani.

Bi. Zuwena alipanda akitambaa, akakaa kwenye tope, akahema. Koplo alikuja na daftari lake lililolowa.

"Mama," alisema, "sasa una kosa."

"Andika, baba."

Asubuhi yake Hakimu Mwakifuna alimtia hatiani kwa kukaidi amri ya mahakama. Miezi sita ya kufagia, Mtaa wa Kalavati, na Hati mkononi. Bi. Zuwena aliishukuru mahakama, akauliza kama anaweza kuanza siku hiyohiyo.

*

Kesho yake nilikwenda kituoni, mapema, suti haijanyooshwa kwa kuwa dobi alikuwa kazini. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Nikakuta foleni ya watu kumi na wanne, wote wa mtaa wetu, hakuna anayemtazama mwenzake.

Mwenye duka alikiri kupunja sukari tangu alipofungua duka. Kinyozi alikiri kumkata mteja sikio na kusema ni kipele. Mama mmoja alikuja na kosa la dada yake, akaomba alitumie yeye kwa kuwa la kwake lilikuwa dogo. Kila mmoja alipomaliza alisema maneno yaleyale: miezi sita, Mtaa wa Kalavati, kama inawezekana upande wa juu wa mtaro. Koplo Ndimbo aliandika mpaka fomu zikamwishia, akaanza kuandika kwenye daftari la kawaida.

Zamu yangu ikafika.

"Na wewe, Mshereheshaji?" alisema. "Wewe una kosa gani tena?"

Nilikuwa nimejiandalia moja njiani, la kughushi barua, lenye maneno mazuri na mwanzo na mwisho. Nilifungua kinywa kulitamka likanikataa.

"Juzi," nikasema, "wakati wa mvua. Nilikuwa barazani."

Koplo Ndimbo aliiweka kalamu chini. Kisha akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa bado havijakauka. Akarudisha macho kwenye daftari, akashika kalamu, akaandika majina mawili, langu na lake.